Mtu Atakayekupokea Songea

Lipangalala, Ifakara
Jumapili jioni

Yustina mwanangu,

Sikuulizi hali, maana mchana nimekuona ukimaliza wali na kisamvu kisha ukakomba na sufuria. Mgonjwa hali hivyo. Umekwenda Lumemo kumuaga bibi yako, na ninavyomjua bibi hatakuachia upesi, kwa hiyo nimesukuma vitambaa vya watu pembeni ya meza nikuandikie. Barua hii nitaiweka chini ya kanga mpya kwenye begi lako. Utaisoma ukiwa ndani ya basi, ukishapita Mikumi, mahali ambapo huwezi tena kushuka ukarudi kubishana na mimi.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga begi kwa kufuli na kutokula chipsi za barabarani siyaandiki. Nimeyasema wiki nzima mpaka mwenyewe nimechoka kujisikia. Nataka tuzungumze jambo moja tu, lile lililokufanya ununue ugomvi na mimi tangu Alhamisi.

Nilikuambia kwamba Songea utapokewa stendi na Bwana Ngonyani, na kwamba utakaa kwake na mke wake mpaka chuo cha uuguzi kifunguliwe. Ukaweka kikombe chini. "Mama," ukasema, "unanipeleka kwa mtu aliyekuvunja mguu?" Nikafanya kama kawaida yangu, nikaleta mzaha, nikasema akikuvunja na wewe tutakuwa tunachechemea pamoja kwenda kanisani. Hukucheka. Ulitoka nje ukaanza kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Una haki ya kukasirika, mwanangu. Ulikuwa darasa la tano tu. Wewe ndiye uliyekuwa unachota maji kabla ya shule, unanipikia uji, unaninyanyua nikitaka kwenda chooni. Baba yako alikuwa ameshafariki na nyumba hii ilikuwa mimi na wewe. Ngonyani alipokuja kututazama na ndizi zake, ulimfungia mlango usoni, na ndizi zikabaki kizingitini mpaka mbuzi wa jirani wakazila. Nilikukaripia siku ile, lakini sikukueleza chochote. Miaka yote hii nimekuacha uamini kwamba mama yako alipambana na ofisi ya bima peke yake akashinda. Nimewahi hata kujisifu hivyo mbele ya wateja. Haikuwa hivyo, na leo nataka uijue habari yote kabla hujamtazama usoni.

Siku ya ajali nilikuwa ninatoka Kibaoni na baiskeli, nyuma nimefunga vitambaa vya sare za shule. Nilikuwa nimepewa kazi ile na Mzee Shabani, mwenye duka ambaye cherehani yangu imekaa barazani kwake miaka yote. Nilipofika kwenye mashine ya kukoboa mpunga, lori lililojaa magunia lilianza kurudi nyuma kutoka uani. Utingo, ambaye kazi yake ni kusimama nyuma na kumwongoza dereva, alikuwa amekwenda kunywa chai. Dereva hakumngoja. Nilisikia baiskeli ikikunjamana chini yangu, halafu nikaona goti langu la kulia limeelekea upande ambao goti halielekei.

Dereva alikuwa Ngonyani. Hakukimbia, na unajua madereva wangapi hukimbia wakiogopa watu wenye hasira. Alinibeba, akaniweka kiti cha mbele, akaendesha kwenda hospitali. Njiani akaniuliza, nadhani ili nisizimie, "Dada, kwenu hasa ni wapi?"

"Mahenge."

"Mpogoro?"

"Mpogoro."

"Ee Mungu wangu, nimemgonga mtani!" Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia, "Nyinyi Wapogoro huko mlimani hamna barabara, ndiyo maana hamjui kukwepa gari."

"Na wewe Mngoni," nikamwambia huku nimeuma meno, "umezoea kuswaga ng'ombe, nani alikupa lori?"

Wewe umekulia mjini, utani unauona zaidi misibani, watani wanapomwaga maji jikoni na kudai walipwe ndipo jeneza litoke. Sisi tumelelewa nao. Babu zao na babu zetu walipigana zamani, na kwa sababu hiyo leo Mngoni akinikuta njiani lazima anichokoze, nami lazima nimrudishie, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Siku ile utani ndio ulionishika nisipotee. Kila nilipoona giza alinitupia neno, na nisingekubali kufa nikiwa nadaiwa jibu na Mngoni. Tulifika hospitali tunatukanana, na muuguzi aliyetupokea alidhani ni mume na mke.

Basi hapo ndipo ninapomshukuru mara ya kwanza. Hapohapo pia ndipo nilipoharibu.

Siku chache baadaye, nikiwa wodini na mguu umening'inizwa kwa kamba, akaja askari wa usalama barabarani kuchukua maelezo. Kijana mpya, ametokea mikoa ya ziwa, amenyoosha sare yake vizuri. Ngonyani naye alikuwapo, ameketi kwenye ukingo wa kitanda. Askari akafungua faili akaniuliza, "Mama, ilikuwaje?"

Ningemwambia ilivyokuwa. Lakini wodi nzima ilikuwa inanisikiliza, na yule mtu aliyeninyanyua alikuwa amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa, nikamwonea huruma. Mdomo wangu hauna breki, unaujua. Nikasema, "Andika hivi, afande. Nilijitupa mwenyewe. Nilimwona huyu mtumwa wangu anarudi nyuma bila ruhusa yangu, nikaamua kumzuia kwa mguu."

Wodi ikaangua kicheko. Ngonyani akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Ni kweli, afande," akasema, "na mguu wenyewe umenibonyezea bodi. Nani atanilipa?"

Yule kijana hakucheka. Watani kwao wapo, lakini hakujua kwamba sisi wawili ni watani, na hakuna aliyemweleza. Aliandika. Akanipa kalamu, nikatia sahihi nikiwa bado ninajifuta machozi ya kucheka, bila kusoma hata mstari mmoja. Mimi, ambaye siwezi kukata kitambaa cha mtu bila kumpima mara mbili!

Niliporudi nyumbani na magongo, Mzee Shabani alikuja kunitazama. Alikaa nje, hakuingia ndani, ndivyo alivyo yule mzee. Akaniambia, "Fundi, lile gari lina bima. Kuna haki yako pale. Andika madai."

Nikamwambia naona haya. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani walikuwa wamekwisha kuanza kunong'ona kwamba nataka kuuza mguu, na mmoja aliniambia usoni nimwachie Mungu. Mzee Shabani akakohoa. "Na Mungu akikuletea msaada kwa njia ya bima, utaurudisha?" akaniuliza. "Humnyang'anyi mtu. Mwenye gari amelipia bima kwa ajili ya siku kama hiyo. Na yule dereva wako, unaweza kudai na bado ukamsalimia."

Maneno hayo ya mwisho yalinichukua muda kuyaelewa. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba anayedai amekasirika, na asiyekasirika anasamehe na kunyamaza. Kumbe unaweza kumsamehe mtu kabisa, ukamkaribisha chai, na bado ukasema mguu wangu umeumia na ninahitaji kula. Namshukuru yule mzee kwa hilo kuliko hata kwa karatasi alizoninunulia na nauli aliyonipa.

Tuliandika madai. Nikapelekwa kwa daktari anipime ili aandike ulemavu umefikia kiasi gani. Hapo nako nilifanya kituko. Nilivaa gauni langu la Krismasi, nikajipaka mafuta, nikaacha gongo moja nyumbani, na nilipoambiwa nitembee nilitembea kwa maringo kama bibi harusi, jasho linanitoka kwa maumivu. Sikutaka daktari anione kiwete. Muuguzi mmoja mtu mzima akanivuta pembeni. "Mama, hapa si kanisani," akasema. "Tembea kama unavyotembea ukienda chooni usiku." Nikatembea hivyo, na daktari akaacha kutabasamu akaanza kuandika. Nikimkumbuka muuguzi yule ndipo ninapofurahi kwamba na wewe unakwenda kuwa muuguzi.

Majibu yalikuja kutoka Morogoro baada ya masika. Mzee Shabani aliyasoma mwenyewe kwanza, kisha akanitazama juu ya miwani. "Fundi, wewe uliwaambia polisi nini?"

Madai yamekataliwa. Kwa maelezo ya mdai mwenyewe, aliyoyatia sahihi, alijitupa kwa hiari yake nyuma ya gari. Polisi nao, kwa maelezo hayohayo, walikuwa wamefunga faili, hakuna aliyeshitakiwa. Ofisi ile siilaumu. Walisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilitoka kinywani mwangu.

Hapo maji yalinifika shingoni. Cherehani ya miguu nilikuwa siwezi kuikanyaga, wateja wamehamia kwa mafundi wengine, kodi ya nyumba imelala. Mjomba wako Fidelis akateremka kutoka Mahenge. Alikuja kwa nia njema, usimfikirie vibaya. Akasema cherehani iuzwe, mimi nirudi nyumbani kwa mama, na wewe upelekwe Malinyi kwa shangazi yako, ambako walihitaji msichana wa kusaidia shamba na kulea watoto. Shule utaendelea ikiwezekana. Sote tulijua hiyo "ikiwezekana" maana yake nini. Nilikuona umekaa juu ya kitanda na nguo zako zimefungwa kwenye kanga, hulii, unatazama ukutani. Sura ile bado ninaiona mpaka leo.

Nikachukua magongo nikaenda mtoni, ambako madereva huosha magari. Ngonyani alikuwa anaosha lori, suruali ameikunja mpaka magotini. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno: ndugu yangu, nisaidie, kawaambie ukweli. Lakini nilijua ninachoomba. Akisema ukweli atashitakiwa, leseni itakwenda, na kazi itakwenda. Alikuwa na watoto Songea wanaosubiri kula kwa lori lile. Nilipofika mbele yake ulimi ukakataa kuomba. Ukatania.

"Mngoni," nikamwambia, "nimekuja kukuaga. Narudi mlimani. Watu wa bima wamesema nilijitupa mwenyewe. Mmeshinda vita ambavyo babu zenu walivishindwa."

Alicheka. Kisha mkono wake wenye kitambaa ukasimama. "Wameandika hivyo?"

"Wameandika."

"Na mtoto?"

"Anakwenda Malinyi."

Alikamua kile kitambaa, akakikamua tena kikiwa kimeshakauka. Nikageuka nikarudi nyumbani nikijua yameisha, na sikumlaumu hata chembe.

Kilichofuata sikukiona, nilisimuliwa na mkuu wa kituo mwenyewe aliponiita nikasahihishe maelezo yangu. Ngonyani alikwenda polisi kesho yake asubuhi, amevaa shati safi. Akasema, "Mkuu, yule mama alikuwa ananitania. Ni Mpogoro. Mimi nilirudi nyuma bila utingo, sikutazama, nikamgonga. Andika hivyo."

Mkuu, ambaye ni mtu mzima na ana watani wake, alicheka kwanza. Halafu akamwambia, "Unajua kwamba ukitia sahihi hapa unakwenda mahakamani?"

"Najua."

"Na kazi yako?"

"Najua, mkuu. Lakini nikinyamaza, nitamtaniaje tena?"

Alishitakiwa, akakiri, akapigwa faini. Faini aliilipa kwa kuuza baiskeli na redio yake. Leseni ilisimamishwa na tajiri mwenye lori akamfukuza siku hiyohiyo. Hukumu ile ndiyo tuliyoipeleka Morogoro pamoja na maelezo mapya, na safari hii walilipa. Haikuwa fedha ya kutajirika. Ilitosha kulipa kodi, kununua cherehani ndogo ya mkono hii ninayoitumia mpaka leo, na kuweka akiba ambayo baadaye ilikupeleka sekondari. Nguo zako zilifunguliwa kutoka kwenye ile kanga. Mjomba Fidelis alirudi Mahenge peke yake, na kusema kweli alikuwa anafurahi kuliko alivyokuja.

Siku Ngonyani anaondoka kurudi kwao, nilikwenda stendi. Nilikuwa nimemshonea shati. Nilitaka kumwambia asante, neno moja tu, hata mtoto wa chekechea analijua. Nikamtupia lile furushi dirishani nikasema, "Nenda zako, Ifakara tumechoka kulisha Wangoni." Akalipokea. "Limeshonwa na kiwete," akasema, "lazima mkono mmoja utakuwa mfupi." Basi likaondoka, nikabaki nimesimama pale kama mjinga.

Tangu hapo tumekuwa tukitukanana kupitia madereva. Mwaka wa mvua za El Nino, barabara zilipokatika, alimtuma mtu aulize kama Mpogoro wake amesombwa na maji, na kama amesombwa, aachiwe cherehani. Siku hizi anakata tiketi za mabasi pale stendi ya Songea. Aliposikia umechaguliwa chuo cha huko, alituma jibu kabla sijauliza: nimlete huyo mtoto, atamfundisha kula ugali wa kweli badala ya wali wa wagonjwa.

Kwa hiyo swali lako la Alhamisi nalijibu leo. Ndiyo, nakupeleka kwa mtu aliyenivunja mguu. Ni kweli, alinivunja, na siku zote nitapanda ngazi kwa kuanza na mguu wa kushoto. Lakini kama asingekwenda kituoni asubuhi ile, leo ungekuwa Malinyi na mtoto wa pili mgongoni, na mimi ningekuwa sina wa kumwandikia barua. Mambo hayo mawili aliyafanya mtu mmoja, na sikuwahi kukuambia la pili. Nilikuachia hasira zako kwa sababu zilinifaa. Ukimchukia yeye, mimi nilibaki kuwa shujaa wako.

Na kwa sababu unakwenda kwenye wodi, nikuombe kitu kimoja. Utakutana na wagonjwa watakaokuchekesha. Mtu mwenye maumivu makali mara nyingine anatania ili watu wanaomzunguka wasiogope. Cheka naye, usimnyime. Kisha rudi baadaye, wodi ikiwa imetulia, umuulize tena taratibu ilikuwaje, na umsomee ulichoandika kabla hajatia sahihi. Laiti mtu angenifanyia hivyo.

Nimewashukuru wote mwanangu. Muuguzi yule nilimpelekea kuku. Mzee Shabani namshonea kanzu kila Idi na hajawahi kunilipa wala sijamdai. Mungu namshukuru kila Jumapili kwa magoti, goti moja kwa kweli, lile la kulia halikunji vizuri. Aliyebaki ni Ngonyani. Miaka yote hii sijaweza, na nadhani nikimwona leo uso kwa uso nitamtukana tena.

Ukishuka Songea utamtambua. Atakuwa anapiga kelele kwamba Wapogoro wamevamia stendi. Mwamkie shikamoo, maana ni mkubwa wako. Halafu mjibu, usiniaibishe, mtafutie tusi zuri, wewe ni Mpogoro hata kama ulizaliwa Lipangalala. Mkifika nyumbani kwake, mkishakula, mwambie mama amesema asante. Atacheka, atasubiri maneno yanayofuata. Usiongeze kitu, Yustina. Mtazame tu mpaka aelewe kwamba safari hii mama yako hatanii.

Mimi mama yako